Miwaridi 11 na maganda ya kahawa: shajara ya bustani ya Bombo

Jumamosi, 4 Januari

Kiangazi kimeshika. Vumbi la barabara ya Gulu linatufikia hapa Bombo, Uganda, mpaka barazani, na ukipitisha kidole juu ya jani la mwaridi kinatoka chekundu. Naanza kuandika leo kwa sababu mwaka jana sikuandika chochote, na nilipoharibu sikuweza kukumbuka nilianzia wapi.

Mali yenyewe ni miwaridi 11. Sita iko kando ya baraza, namba 1 hadi 6. Mitano iko kando ya fensi ya jirani, namba 7 hadi 11. Ile minne ya kwanza ni ya Mama, mekundu yenye harufu, na imetokana na vipandikizi alivyohama navyo kutoka nyumba ya zamani vimefungwa kwenye kitambaa kibichi. Namba 5 na 6 ni ya njano. Nilinunua kwa muuza miche wa kando ya barabara ya Entebbe, nayo imebebeshwa juu ya shina la mwaridi mwingine. Ukiinama unaona kifundo pale chini, kama goti. Mitano ya fensi ni mawaridi ya rangi ya waridi, na hapo Kiswahili kimenikwamisha, sina namna nyingine ya kusema.

Kila jioni namwaga jerikani nne za lita 20. Bomba letu likikauka, jerikani moja ni shilingi 300 kwa kijana wa baiskeli. Shilingi 1,200 kwa siku. Kwa mwezi mzima wa kiangazi ni 36,000, na kwa mshahara wa mwalimu wa msingi hiyo haiitwi bustani tena, inaitwa mtoto wa ziada wa kulipiwa ada.

Na maji yenyewe hayakai. Leo saa saba mchana nimechomeka kidole kwenye udongo wa namba 3, niliyoimwagilia jana jioni. Kidole kimeingia mpaka kiungo cha pili bila kukuta unyevu. Juu pamepasuka ufa unaotosha kumeza sarafu ya mia. Jua linapiga udongo mtupu, udongo unarudisha maji hewani, na mimi nalipia.

Kwa hiyo matandazo. Nitaufunika udongo, nione jerikani zinapungua kiasi gani, na mvua za Machi zikija nione kama madoa meusi ya majani nayo yatapungua.

Jumapili, 5 Januari

Kabla ya kufunika, kwanza nikiri dhambi ya mwaka jana. Fundi seremala alinipa magunia mawili ya vumbi la mbao, bure. Nikalichimbia ndani ya udongo kwa jembe, nikijisifu kwamba nimerutubisha. Wiki sita baadaye majani ya chini yakawa ya manjano, machipukizi yakadumaa, na nikaanza kuilaumu miche. Kosa lilikuwa la jembe langu. Vidudu vinavyoozesha mbao vinahitaji naitrojeni, na mbao yenyewe inayo kidogo mno, basi vinaichota kwenye udongo unaoizunguka, palepale mizizi ya mwaridi inapokula. Vumbi lilelile lingelala juu tu ya udongo lisingeleta balaa kubwa hivyo. Matandazo hulazwa, hayazikwi.

Leo nimepalilia. Ndago nyingi, na ile nyasi Waganda wanaiita lumbugu, ambayo mzizi wake mweupe ukikatika vipande vinne unapata mimea minne. Hiyo nimeing'oa kwa uma na vidole, mzizi mmoja mmoja, nikauanika juu ya bati. Nimeokota pia majani yote ya mwaridi yaliyoanguka, hata makavu kabisa. Kuvu wa madoa meusi huishi humo akisubiri mvua. Ukitandaza juu yake umemjengea nyumba.

Mgongo umenikumbusha umri wangu. Mama, amekaa barazani anasuka kikapu, ananitazama tu.

Jumamosi, 11 Januari

Nimeleta magunia manne ya maganda ya kahawa kutoka kwenye mashine ya kukoboa. Gunia 5,000, boda mbili za 6,000. Huu ndio wakati wake: tangu Novemba wakulima wanapeleka kiboko, kahawa iliyokaushwa na maganda yake, mashine inatoa punje, na nyuma ya jengo kinabaki kilima cha maganda ya rangi ya udongo. Nimechukua ya upande wa nyuma wa kilima, yaliyokaa, siyo yanayotoka moto kwenye bomba. Nikiuchomeka mkono ndani hayachomi wala hayanuki chachu. Maganda haya yana potasiamu nyingi, na mwaridi unaipenda unapotaka kutoa maua.

Nilikuwa nimeshayamwaga magunia mawili pale kwenye fensi, namba 9, Mzee akatokea upande wa pili.

Mzee ni sajini mstaafu, na Kiswahili chake ni cha kambini, hakina muda na ngeli. Niliacha kumsahihisha miaka mingi iliyopita.

“Mwalimu, simama hapo hapo. Hiyo maganda imetoka kwa miti ya nani?”

Nikamwambia ya mashine, Mzee, ya watu wote.

“Ya watu wote. Sasa weka mbali na kahawa yangu.”

Nilidhani ni ukaidi tu. Kahawa yake ni miti kama thelathini ya robusta, na ule wa karibu zaidi uko hatua nne kutoka namba 9. Akanipigia ishara nipite upande wake, akanipeleka nyuma ya choo ambako amebakiza kisiki kimoja cha zamani, kama mtu anavyotunza cheti. Akasema miaka ya tisini alikuwa na miti zaidi ya mia mbili. Majani yakaanza kunyauka upande mmoja wa mti, kama mtu aliyepooza, kisha mti mzima ukakauka na matunda yake juu. Ukibandua gome kwa panga unakuta mbao ndani ina weusi wa kibuluu. Ndio mnyauko wa kahawa, ulioonekana Uganda mwaka 1993 na kuteketeza robusta nyingi nchini. Kuvu wake husafiri na udongo, na panga, na miti iliyokufa, na naam, na maganda.

Miwaridi yangu haipati ugonjwa huo. Lakini mvua ikinyesha, maji ya upande wangu yanateremkia kwake. Mimi nina miaka 19 naishi karibu na kahawa na sikuwa nimeliwaza hilo hata mara moja.

Nikaomba radhi. Tukayakusanya maganda yale kwa beleshi, yeye mwenyewe akafagia mabaki. Yote yamehamia barazani, mita kumi na tano kutoka kwenye fensi na upande wa mteremko usiomhusu.

Jumapili, 12 Januari

Kazi yenyewe ya kutandaza. Naandika kwa kirefu maana mwakani nitasahau.

Jana usiku nilimwagilia kila mwaridi jerikani nzima, polepole, hadi maji yakaacha kuzama. Matandazo hufungia kilichomo; ukifunika udongo mkavu umefungia ukavu, na manyunyu madogo hayataupita mfuniko.

Asubuhi nimechora duara kuzunguka kila shina, upana wa matawi yalipoishia. Maganda nimemwaga unene wa vidole vinne. Nilianza na vitatu, nikaona udongo unachungulia. Nikajaribu sita kwenye namba 2, nikarudisha, kwa sababu hapo hewa haipiti na maji yanakwama juu.

Halafu pale shinani. Hapa ndipo wengi tunapokosea, na mimi wa kwanza, kwa sababu jicho linapenda kuona kilima kizuri kinachokumbatia shina. Nimeacha kiganja kizima, upana wa mkono wangu, udongo mtupu pande zote za shina. Gome likilala kwenye kitu kibichi mchana na usiku linaoza, na panya wanapata maficho ya kulitafuna. Ile ya njano, 5 na 6, ndiyo ya kuangalia zaidi: kifundo cha kubebeshea kikifukiwa, tawi la juu linaweza kuota mizizi yake lenyewe, na shida ya shina la chini inakuwa imefichwa mpaka uone machipukizi ya ajabu yasiyo na maua ya njano.

Mgawo ulivyokaa hatimaye:

Namba 1 hadi 4, maganda ya kahawa. Namba 5 na 6, majani makavu ya migomba, nimeyachana kwa vidole kwa urefu. Namba 7 hadi 10 za fensi, nyasi kavu iliyofyekwa nyuma ya uwanja wa mpira, bei yake ni chai na mandazi kwa vijana wawili. Namba 11 sikuifunika. Hiyo ni shahidi.

Mama alipotoka akasimama mlangoni muda mrefu.

“Haya maua yana baridi gani mpaka uyavishe blanketi?”

Jumamosi, 18 Januari

Kidole kwenye namba 3, siku tatu bila maji: unyevu unaanza chini kidogo ya ukucha. Namba 11, siku moja bila maji: vumbi.

Majani ya migomba niliyoyachana yamelala vizuri. Ila jani moja niliacha zima kwa uvivu, na maji ya keni, chombo changu cha kumwagilia, yaliteleza juu yake kama kwenye paa, yakaenda kumwagilia njia.

Jumamosi, 25 Januari

Kuku.

Sijui kwa nini sikuwaweka kwenye mpango. Mzee ana kuku wa kienyeji wapatao kumi na wawili na jogoo mmoja mwenye kiburi, na fensi yetu ni ya miti iliyoachana. Chini ya nyasi kavu kwenye unyevu kumezaliwa kila kitu kuku anachokitaka: jongoo, mende wadogo, minyoo, mayai ya chungu. Asubuhi nimekuta namba 7 hadi 9 zimefukuliwa. Kuku hapekui kidogo. Anapiga teke mbili nyuma, anarudi hatua, anatazama kwa jicho moja, anadonoa, anapiga tena. Nyasi yote ya namba 9 ilikuwa imerundikwa shinani, mpaka matawi ya chini, hasa pale nilipojitahidi kuacha wazi.

Nikamwita Mzee. Kwa adabu. Baada ya jambo la maganda sikuwa na mdomo wa kufoka.

“Mwalimu, kuku hajui mpaka. Hata sisi zamani tulikuwa tunavuka.”

Akacheka peke yake. Hakufunga kuku, lakini alasiri aliniletea waya wa kuku uliobaki alipojenga banda, mita tatu hivi, wenye kutu. Nimeukata nikaulaza bapa juu ya nyasi, ukazunguka shina bila kuligusa, na mawe pembeni. Kuku akipiga teke kucha zinakwama kwenye tundu. Jogoo alijaribu mara mbili, akainua mguu, akautazama, akaondoka kama mtu aliyekumbuka ana shughuli.

Waya haukutosha namba 10. Hapo nimetupia matawi ya bogenvilia yenye miiba. Kuku hawaji. Nami pia siji bila glavu.

Jumamosi, 1 Februari

Maganda ya kahawa nayo yana lake. Nilipomwagilia namba 1 maji yalisimama juu, yakajikusanya kama kwenye sahani, kisha yakatafuta njia pembeni. Nimepasua kwa kidole: ganda la juu limeshikana kama mkate uliochacha, kipande kinainuka kizima, chembechembe ndogo zimebanana na nyuzi nyeupe za kuvu zimezishona. Kuvu huyo hana ubaya na mwaridi, ndiye anayegeuza maganda kuwa chakula. Lakini maji hayapiti.

Nimechokora kwa uma mdogo bila kugusa udongo wa chini, maana mizizi midogo ya mwaridi imeshapanda juu kufuata unyevu, niliiona miwili myeupe. Halafu nimechanganya vitu vyenye umbo: majani makavu ya mwembe, vijiti vilivyovunjwa urefu wa kidole, na makapi ya ukili ya Mama, yale mabaki ya kusukia vikapu anayoyakata ncha na kuyatupa kwenye beseni. Mabaki yake yana rangi, zambarau na kijani na ile nyekundu kali wanayoipenda Wanubi wote wa Bombo, kwa hiyo namba 1 hadi 4 sasa zinafanana na sherehe ya jana. Maji yanapita.

Jumamosi, 8 Februari

Maandalizi ya shule yameniua. Bustani imemwagiliwa mara mbili tu wiki nzima. Iko hai.

Jumamosi, 15 Februari

Mchwa kwenye namba 8 na 9.

Nilikuja na keni, nikaona nyasi inang'aa kwa namna isiyo yake. Nikainua waya. Kila unyasi ulikuwa umepakwa udongo mwekundu, kama umechovywa kwenye chai nzito ukakaushwa, na nilipouvunja ulikuwa bomba tupu, ndani umeliwa umekwisha, kilichobaki ni umbo la udongo. Ndani ya bomba mchwa weupe wanakimbia kukwepa mwanga. Kwenye shina la namba 9 mkanda wa udongo umepanda urefu wa kidole. Nikaukwangua kwa ukucha, gome lilikuwa limeanza kutafunwa, kovu la ukubwa wa punje ya harage.

Wengi watakwambia mchwa wanakula kilichokufa tu. Kwa kawaida, ndiyo. Lakini katikati ya kiangazi, wakikosa, mti uliodhoofika nao unahesabiwa. Namba 9 ndiyo iliyokuwa imefukiwa shina na kuku kabla sijaweka waya. Sina ushahidi zaidi ya huo, ila nina hakika yangu.

Mzee alisema majivu. Nikaweka majivu, kwa heshima, mkanda mwembamba. Keshoye mchwa walikuwa wamepita juu yake wamejengea na humo. Na majivu mengi sitaki, yanaondoa uchachu wa udongo, na mwaridi unapenda udongo wenye uchachu kidogo.

Nilichofanya ni kuondoa nyasi yote ya 8 na 9 mpaka udongo, nikaipeleka kwenye shimo la mboji. Nyasi kavu na ngumu katika udongo wetu mwekundu, Februari, ni kuwapikia mchwa wali. Mahali pake nimeweka vigogo vya migomba vilivyokatwakatwa, vilivyolala juani siku nne ili vipungue maji. Hivi vinabaki na ubichi ndani, mchwa wa hapa naona hawavikimbilii, na vinaoza haraka kuwa chakula. Fukusi wa migomba hujificha kwenye vigogo vibichi, lakini mgomba wetu wa karibu uko nyuma ya jiko, na fukusi hana haja na waridi.

Namba 7 na 10 nyasi haijaguswa na mchwa. Nimeiacha, naichungulia kila siku mbili.

Jumamosi, 22 Februari

Kovu la namba 9 limekauka. Shina wazi, kiganja kizima pande zote. Machipukizi mawili mapya, mekundu kama masikio ya sungura mchanga.

Jumamosi, 1 Machi

Siku ya kwanza ya mfungo wa Ramadhani, na mvua ya kwanza vilevile, saa tisa alasiri, dakika ishirini tu lakini ya matone mazito. Nilitoka kibarazani kuangalia, kwa sababu hili nimelisubiri tangu Januari.

Namba 11, isiyofunikwa: kila tone linapiga udongo mtupu linaruka na kipande chake. Mvua ilipokatika nikainama. Majani ya chini, hadi urefu wa goti langu, upande wa chini wa jani umetapakaa nukta nyekundu za matope, kama mtu aliyerushiwa maji ya dimbwi na gari. Namba 10, hatua mbili kando yake: majani masafi. Tone limeangukia nyasi likavunjika likazama.

Matope yale ndiyo gari la kuvu wa madoa meusi. Mbegu zake ziko kwenye majani yaliyooza chini na kwenye matawi yaliyougua, maji yanazirusha, zikitua kwenye jani linalobaki limelowa muda wa saa 7 hivi mfululizo, zinaota. Ndiyo maana nimebadili pia wakati wa kumwagilia. Zamani ilikuwa jioni, na juu ya majani, kwa raha ya kuona yanametameta. Jani linalolowa jioni linalala limelowa. Sasa ni asubuhi kabla ya shule, chini kabisa, kwa keni isiyo na kichwa cha kunyunyizia.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua sasa ni karibu kila siku. Madoa ya kwanza.

Nimehesabu majani yenye doa, jani zima la vijani vitano au saba nikilihesabu moja. Namba 11: 23. Namba 10: 4. Namba 3: 6. Namba 5: 9, lakini ya njano ni dhaifu kwa ugonjwa huu hata bila mvua. Doa lenyewe halina duara safi. Kingo zake zina nyuzinyuzi, kama wino uliomwagika kwenye karatasi ya bei rahisi, na kuzunguka doa jani linageuka manjano kabla ya kuanguka.

Kwa hiyo matandazo hayazuii. Yanapunguza. Umande wa alfajiri unalowesha majani ya juu bila kumwomba tone ruhusa. Nimetoa majani yote yenye madoa kwa mkono, nimefungua katikati ya namba 5 kwa mkasi ili upepo upite, vyote vimechomwa. Mboji yetu haipati joto la kutosha kuua kuvu, na sitaki kumrudisha mwakani kwa beleshi langu mwenyewe.

Namba 11 nimeitazama sana. Mama alisema, shahidi ameshasema yake, mbona unaendelea kumtesa? Alikuwa na haki. Nimepalilia, nimeokota majani yaliyoanguka, nimetandaza majani ya mwembe na migomba, unene wa vidole vinne.

Nyasi ya namba 7 imeoza imeshuka mpaka unene wa kidole kimoja. Maganda ya 1 hadi 4 yamepungua kwa theluthi. Magugu yaliyotokea kwa miezi miwili chini ya maganda: ndago saba. Ndago hazizuiliki kwa lolote, zingetoboa hata simenti. Chini ya nyasi zimeota nyasi, maana ile ya uwanjani ilikuja na mbegu zake. Mara nyingine niifyeke kabla haijatoa masuke.

Jumamosi, 22 Machi

Hesabu ya maji, kwa kuwa ndiyo iliyoanzisha yote. Kuanzia 12 Januari hadi mwisho wa Februari, wiki saba, nilimwagilia kila baada ya siku tatu badala ya kila siku, jerikani nne kila mara, na namba 11 keni yake ya ziada siku za katikati. Jerikani 64 jumla, na keni. Kwa mtindo wa zamani zingefika 192. Bomba lilikuwa na maji karibu nusu ya muda, kwa hiyo fedha iliyobaki mfukoni ni ndogo kuliko inavyosikika, 19,000 hivi. Ukitoa maganda na boda, 32,000, nimepata hasara. Nimeandika hivyo kwa sababu mwalimu mwenzangu aliniuliza kwa macho makali. Lakini maganda hayatanunuliwa tena manne, kwa kuongezea yanatosha mawili, na mgongo wangu wa jioni haumo kwenye hesabu.

Mzee amenipa ndoo tatu za mbolea ya kuku. Nimemwuliza ina muda gani, akasema ya Desemba. Nimeinusa, bado inauma pua kidogo. Ikae mpaka Mei, mbichi inaunguza mizizi. Nitaitandaza chini ya safu mpya, mbali na shina kama kawaida.

Jumamosi, 29 Machi

Nimekata mawaridi 14 ya Mama kwa ajili ya Idd, yote ya namba 1 hadi 4, mabua marefu. Amechukua sita akayaondoa petali kwenye sinia, mengine yako kwenye jagi mezani, na chumba kizima kinanukia. Namba 9, yenye kovu, ina tumba tatu.

Nilikuwa nimepanga kuongeza matandazo leo kwenye fensi kabla mvua hazijakolea. Nimefanya 8, 9, 10 na 11. Nilipofika namba 7 na kapu la majani, kitu kikanifokea kutoka chini. Kuku wa Mzee, yule wa madoadoa, amepita penye waya uliolegea, amechimba kishimo kwenye nyasi iliyooza, laini na ya vuguvugu, amekaa. Nilipomwinua kidogo kwa kijiti nikahesabu mayai tisa.

Nikamwita Mzee fensini. Akatazama muda mrefu.

“Amevuka,” akasema.

Akaniomba nimwache. Ni siku 21. Namba 7 itasubiri mpaka wiki ya tatu ya Aprili, nimeandika kwenye kalenda ya jikoni.